Basi la Saa Tatu

Uvumi ulimkuta fundi cherehani na pini mdomoni, Jumanne asubuhi, anampima mteja kiuno.

"Kwani hujui?" mteja akasema. "Mwalimu wako anaondoka Ijumaa kwa basi la saa tatu. Mwanangu kamsikia mwenyewe darasani, na mwanangu hajui kuongopa."

Neno likamganda kama kupe.

Alikuwa amekutana na huyo mwalimu wa hesabu kwenye duka la kutoa kopi, watu wamebanana, karatasi zikachanganyika. Yeye akaondoka na maswali ya hesabu, mwalimu akaondoka na mchoro wa gauni wenye namba ya simu ya fundi. Jioni simu ikalia: "Dada, hili gauni halinikai." Miezi minane ya "mpenzi, umekula?" ikafuata, na posa ikakubaliwa. Sasa hili.

Kuuliza aliogopa, maana ukiuliza utajibiwa. Akazima simu. Akashika mkasi, akakata mkono mmoja wa gauni lake la harusi, kisha akakaa chini akilia.

"Umemuuliza mwenyewe?" mama yake akasema.

"Naogopa, mama."

"Basi unalia kwa kesi gani?"

Ijumaa saa mbili na nusu akatoka kwenda kituo cha basi. Akapitia shuleni kwanza, aone kama mwalimu ameripoti kazini. Chini ya dirisha la darasa la sita akaisikia sauti ile.

"Jumatatu kengele ilitukatisha katikati ya swali. Ni Ijumaa, mimi nimekaa kwenye basi, linaondoka saa tatu kamili. Mchumba wangu ametoka nyumbani saa mbili kuja kunizuia. Kituo kiko kilomita sita, naye anatembea kilomita nne kwa saa. Atanikuta?"

Kalamu zikakwaruza. Hakuna aliyepiga miayo.

"Hakukuti," binti mmoja akasema, machozi yanamlenga. "Anafika saa tatu na nusu."

"Basi tumepoteana."

"Teremka, mwalimu. Msubiri, ni nusu saa tu."

Fundi akainuka, akashika nondo za dirisha. Darasa zima likageuka.

"Huyo hapo," mtoto akasema. "Kawahi."

Mwalimu akatoka barazani, shati lina chaki, macho mekundu. "Siku tatu hupatikani. Nilijua nimeachwa."

"Kwa nini uliwaambia 'mimi'?"

"Nikisema 'mtu fulani' wanasinzia. Nikisema mimi, wanapiga hesabu wakinihurumia."

"Na mimi nani alinihurumia? Nimekata gauni."

"Kiasi gani?"

"Mkono mmoja."

"Kata na wa pili, mpenzi. Nitakuoa hivyohivyo."

Fundi akacheka, ila hofu haikumtoka yote. Siku ya harusi, mabega wazi, hakuondoa macho mlangoni mpaka mwalimu alipoingia.

Basi mabinti, ya kuepuka ni haya:

Usibebe neno la mtoto kabla hujamuuliza limeanzia wapi.

Usizime simu ukiwa na swali.

Usishike mkasi ukiwa na hofu.

Na wewe mwalimu, usiwaruhusu watoto kwenda nyumbani na nusu ya hadithi.