Mdogo Wangu Aliizamisha Picha ya Mama Yetu

Jina langu ni Adventina. Nina umri wa miaka thelathini na saba, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Kiseke hapa Mwanza. Mume wangu yupo machimboni Geita, huja nyumbani kwa nadra. Mimi nina saluni ndogo mbele ya nyumba yangu, nasuka na kuosha nywele.

Wasomaji wenzangu, nawaandikia kwa sababu nimeshindwa kubaki na jambo hili peke yangu. Nimelipeleka kwa padri, nimelia kwa majirani, bado limenikaa kifuani. Huenda nikiliandika litapungua... sijui.

Kwetu ni Kagera. Tulizaliwa wengi lakini tuliobaki ni mimi na mdogo wangu Deogratias. Yeye alisoma sana, na sasa ana kazi nzuri ya ofisini hapa mjini. Baba alipofariki, mama alianza kusahau. Kwanza alisahau chumvi kwenye chakula, kisha akasahau njia ya kisimani, mwishowe akasahau kwamba baba amekufa. Tukamchukua, akaja kukaa kwangu.

Si kazi ndogo kumtunza mzazi wa namna hiyo! Jioni alikuwa akifunga nguo zake kwenye kitenge, anasema anakwenda kupanda meli arudi Bukoba, mzee anamsubiri. Mimi namwambia, "Mama, meli imeshaondoka, tutapanda ya kesho." Anakubali, anakaa. Kesho yake tunaanza upya. Lakini alikuwa mama yangu, na alikuwa akicheka. Nani angenipa kicheko kile sasa?

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze kitu kimoja, maana najua si wote mnaokijua. Kuna jukwaa moja mtandaoni ambako watu wanaweka picha. Watu wengi wa Mwanza wamo humo. Mimi nilijiunga ili nionyeshe mitindo yangu ya nywele.

Chini ya kila picha kuna mishale miwili. Mmoja unatazama juu, mwingine chini. Ukiipenda picha, au ukiona wengine wanapaswa kuiona, unabonyeza wa juu. Ukiona ni mbaya, ya uongo au haina maana, unabonyeza wa chini. Picha yenye mishale mingi ya juu inapanda hadi ukurasa wa mbele, kila anayefungua anakutana nayo. Ikizidiwa na mishale ya chini inazama chini ya nyingine zote, na ikizama sana inafichwa kabisa. Haijafutwa, ipo... lakini haionekani. Ni kama mtu aliyefungiwa chumbani.

Deo nilimfundisha mimi mwenyewe. Alikuwa ameketi saluni kwangu siku moja, akaniuliza hiyo mishale ni ya nini, nikamwelekeza huku nacheka. Nilikuwa najivunia kumfundisha msomi kitu! Ningejua...

Siku mama alipopotea ilikuwa Jumamosi, siku ya wateja wengi. Asubuhi nilikuwa nimemfumua nywele nimwoshe. Nywele zilisimama nyeupe kichwani, akajiangalia kwenye kioo akacheka hadi machozi. Alikuwa amevaa gauni la kulalia, kajifunga kitenge cha kijani juu yake, na hakuwa na viatu kwa sababu alikuwa ameviloweka kwenye beseni la maji. Nikampiga picha kwa simu. Meno machache aliyobakiwa nayo yote yanaonekana.

Kisha wateja wakaja. Kuna mmoja alitoka bila kufunga geti. Niliponyanyua kichwa kutoka kwenye beseni, benchi alilokuwa amekaa mama lilikuwa tupu.

Nilikimbia mtaa mzima na mikono yenye povu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi, hospitali, bandarini kwenye meli. Parokiani walitangaza. Deo alikuja na gari lake tukazunguka hadi tukachoka. Hakuna!

Ndipo nikaiweka ile picha kwenye jukwaa. Nikaandika, "Huyu ni mama yangu, amepoteza kumbukumbu, ametoka Kiseke akiwa hivi hivi mnavyomwona. Ukimwona nipigie." Nikaweka namba yangu.

Wasomaji, watu wana huruma! Mishale ya juu ilimiminika. Kabla sijamaliza kikombe cha chai picha ilikuwa ukurasa wa mbele. Watu nisiowajua waliandika, "Mungu amrudishe salama." Nililia kwa matumaini. Nikajiambia, sasa Mwanza nzima inamtafuta mama.

Lakini wapo pia waliocheka. Mmoja aliandika kwamba bibi anafanana na mchawi aliyedondoka kwenye ungo. Wengine wakaweka alama za kicheko. Niliumia, lakini nikajikaza. Wacheke, ilimradi wamtazame!

Deo akanipigia simu kwa hasira.

"Dada, umemwanika mama! Hiyo picha gani? Nywele vile, nguo ya kulalia, miguu mitupu! Itoe. Weka ile ya Pasaka, amevaa gauni la kanisani."

Nikamwambia, "Deo, mama wa ile picha ya Pasaka hayupo tena. Amenenepa mle, kafunga kilemba. Mtu akikutana na mama leo barabarani hatamfananisha."

"Wakwe zangu wanakuja kupanga mambo ya ndoa mwezi huu. Wataniona mtu wa namna gani?"

"Mama amepotea, wewe unawaza wakwe?" Nikamkatia simu.

Ni kweli alikuwa amechumbia. Binti wa familia inayoheshimika, watu wa Mara, Walutheri, mama yake mwalimu mstaafu. Deo alikuwa akiwaogopa wale watu kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Lakini sikudhani...

Jumapili nikitoka misa nilifungua simu nikaona picha imeshuka. Nilidhani mtandao unasumbua. Nikaangalia tena, imeshuka zaidi. Mishale ya chini ilikuwa inakuja kwa mafungu, kana kwamba kuna mtu anaimwaga! Halafu zikaanza komenti mpya. "Huyu dada anatafuta kiki." "Bibi hajapotea, ni ugomvi wa familia." "Uongo huu, shusheni."

Niliwajibu mmoja mmoja. Niliwaapia. Nani alinisikiliza? Ikafika mahali nikaitafuta picha ya mama yangu sikuiona. Ilikuwa imefichwa.

Niliwaandikia wasimamizi wa jukwaa. Wakajibu kwa ufupi kwamba wanachama ndio walioamua. Nikaiweka upya, nao wakanifungia kwa kosa la kurudia picha iliyokataliwa. Iliyokataliwa! Mama yangu amekataliwa na nani? Nilikaa sakafuni saluni nikapiga kelele hadi watoto wakaogopa.

Jumatatu, jua likiwa limeshapanda, polisi wakanipigia. Kuna mwanamke Igoma amefika kituoni, anasema kuna mama mzee alilala kwake, kitenge cha kijani, haongei Kiswahili cha kueleweka. Nilipiga magoti pale pale nikamshukuru Mungu. Nilibeba viatu vya mama, nikabeba na khanga safi, nikapanda bodaboda hadi Igoma.

Mwanamke huyo anaitwa Mama Kulwa, ana karakana ya kushona viti vya magari pamoja na mumewe. Aliponiona na vile viatu mkononi akaanza kulia.

"Mdogo wangu, nisamehe. Ameondoka. Nimeamka sijamkuta, ndipo nikakimbilia kituoni."

Akanieleza. Jumapili jioni walimkuta mama amekaa nje ya karakana, analowa mvua. Wakamwingiza ndani, wakampa uji, akanywa wote. Wakamkausha nywele. Alikuwa akiongea Kihaya tu, na wao ni Wasukuma, hawakumwelewa. Mvua haikukatika, hivyo wakakubaliana asubuhi wampeleke kituoni.

"Binti yangu yumo kwenye lile jukwaa la picha," Mama Kulwa akasema. "Nilimwambia, hebu angalia humo, huyu lazima ana watu wake. Akatafuta sana. Akaona magari, akaona vyakula, akaona mitindo ya nywele. Mama hakumwona."

Mitindo ya nywele! Picha zangu za zamani zilikuwa bado zinaonekana. Namba yangu ya simu sikuwahi kuiweka kwenye zile.

Alinionyesha mkeka aliolalia mama, ulikuwa haujakunjwa. Nikaweka mkono pale alipolala. Tulikuwa tunajiandaa kutoka kumtafuta simu yangu ikaita. Ilikuwa polisi tena, na safari hii sauti ilikuwa ya upole. Nikajua.

Kina mama waliokwenda kufua ziwani walimkuta kwenye matete. Maji ya pale hayafiki hata kiunoni. Sijui alitembeaje hadi huko kwa miguu ile. Nadhani aliliona ziwa, akajua Bukoba iko ng'ambo, akaamua kwenda...

Nilimtambua hospitalini, tukamsafirisha Kagera, tukamzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya baba. Deo alilia kuliko watu wote. Alilia hadi wanaume wakamshika. Nilimwonea huruma, nikamkumbatia, nikamwambia, "Nyamaza mdogo wangu, tumebaki wawili." Mimi huyu! Nilimbembeleza!

Siku iliyofuata nilikuwa na akina mama nyuma ya nyumba tunamenya ndizi. Akaja dada mmoja anayefanya kazi na Deo, anaitwa Salome, mmoja wa waliokuja na basi la ofisini. Akakaa kunisaidia. Hakuwa na ubaya wowote, maskini.

"Dada Adventina, pole sana. Kumbe mama alikuwa amepotea kweli! Deo alituambia kuna mtu kaichukua picha ya mama yake ili kumchafua, akatuomba tuishushe. Ofisi nzima tulibonyeza. Na wale wa magrupu yake ya shule pia. Tulidhani tunamsaidia..."

Kisu kilinianguka mkononi. Niliinuka nikaenda kumtafuta Deo, nikamkuta amesimama kwenye migomba karibu na kaburi.

Nikamuuliza, "Ni wewe uliyeizamisha picha ya mama?"

Hakukana. Alikaa chini kwenye udongo na suruali yake nzuri.

"Dada, walikuwa wanamcheka. Wanamwita mchawi. Nilitaka ishuke kidogo tu, wakwe wasiione. Nilijua polisi wanamtafuta. Sikujua itapotea kabisa."

"Mimi nilikufundisha inavyopotea, Deo!"

"Nilikuomba uitoe, ukakata simu."

Nilikuwa nimekata simu, ni kweli. Hadi leo najiuliza, ningezungumza naye taratibu ingekuwaje? Ningempoza, ningemwambia njoo tukae tuandike vizuri, mama yetu angekuwa hai? Maswali haya yananila. Lakini mshale wa chini sikuubonyeza mimi!

Wala hayo siyo yaliyonimaliza, wasomaji. Jioni ile ile walifika wageni kutoka Mara, wakwe watarajiwa wenyewe. Yule mwalimu mstaafu alinishika mikono yote miwili. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Deo alikuwa pembeni yangu.

Kisha akasema, "Niliiona picha ya mama yenu Jumamosi, na jina lako juu yake. Nikasema kumbe huyu ndiye aliyemzaa Deo, anacheka kama yeye. Niliibonyezea mshale wa juu, nikawaambia wanangu wote waipandishe, tukamwombea mezani. Jumapili nikaitafuta, sikuiona. Nikafurahi... nikajua mmempata."

Deo alitoka nje. Tulimsikia akilia kama mnyama aliyenaswa.

Tangu hapo sijazungumza naye. Ndoa waliahirisha, na sasa nasikia binti amerudisha pete. Deo amekonda, haendi kazini kila siku. Anakuja Kiseke, anasimama getini, watoto wangu wanamwita mjomba, ananiangalia, mimi naingia ndani. Padri ananiambia nisamehe. Najaribu. Kuna siku nafika hadi mlangoni, mkono kwenye komeo, halafu nakumbuka ule mkeka wa Igoma... narudi.

Wakati mwingine namhofia, nahofia nitaitwa tena nikamtambue mtu hospitalini. Nifanye nini? Mwenye kujua aniambie, kwa maana yeye ndiye ndugu wa damu pekee niliyebaki naye, na siwezi kumtazama usoni.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukiona picha ya mtu aliyepotea, usiangalie nguo wala nywele. Usishushe kwa sababu rafiki kakuomba au kwa sababu umeona wengine wanashusha. Piga namba iliyoandikwa pale, uliza kama ni kweli. Ukishindwa kupiga, basi iache, pita zako!

Nanyi mnaowaonea aibu wazazi wenu waliochoka akili, msiwafiche. Watu mnaowaogopa huenda ndio wanaowaombea. Waonyesheni vile walivyo, ili wakitoka nje mlangoni mtu awatambue, awashike mkono, awarudishe nyumbani.

Wangu alipata mtu wa kumshika mkono. Akakosa tu wa kumwambia nyumbani ni wapi.