Gitaa la Magesa na Taa Nyekundu

Taa nyekundu ya mashine iliwaka wakati hakuna aliyegusa nyuzi.

Mwita, fundi wa studio moja ndogo ya Kalangalala, Geita, hakushtuka. Taa ile huwaka gitaa likiingia kwa nguvu kuliko mashine inavyoweza kubeba. Wanamuziki walishachoka na hotuba yake: sauti ikipasuka pale inapoingilia haiungiki tena, hata ukiipunguza baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"Shemeji, umegusa nyuzi?"

"Sijagusa," alisema Ghati.

Gitaa lilikuwa la mumewe, Magesa, aliyefukiwa na duara, shimo lao la dhahabu, miezi mitatu iliyopita. Mwili haukupatikana. Wazee wakazika mgomba badala yake, watu wakala ubwabwa, wakaondoka. Ghati hakuuamini mgomba ule hata siku moja. Leo alikuja kurekodi wimbo wa mumewe, wa kuanulia matanga.

Mwita akapunguza sauti ya spika. Taa ikaendelea kuwaka. Ndipo harufu ya tope bichi ikajaa chumbani, saa sita mchana, kiangazi, na kwenye spika ikasikika: ngo, ngo, ngo.

Ghati akasimama. Kila mke wa mchimbaji anaijua sheria ya mashimoni: duara likiporomoka, aliye chini hugonga mwamba mara tatu, na anayesikia lazima ajibu, ili wa chini asikate tamaa. Kabla Mwita hajafungua kinywa, Ghati alishagonga tumbo la gitaa mara tatu.

"Magesa?" alinong'ona.

Mama Eufrasia, mama yake Magesa, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi nje, aliingia mbio.

"Mayo! Usijibu, mwanangu! Hilo ni jini la shimo. Ukilijibu, umelionyesha njia ya kupandia."

"Ni yeye, mama! Namjua!"

"Kugonga tu, utamjuaje?"

Ngo, ngo, ngo, safari hii karibu zaidi, na Mwita, aliyekuwa bado anahangaika na kitufe cha spika huku jasho likimtiririka na tope likinuka kama vile mtu aliyeloa amesimama nyuma ya kiti chake, akaikumbuka hotuba yake mwenyewe, kwamba kupunguza spika ni kuziba masikio tu na kinachoingia kinaendelea kuingia, akakiachia kitufe kile, akaishika geini, mlango wenyewe wa sauti kuingilia, akaizungusha mpaka sifuri.

Taa ikazimika. Harufu ikapotea. Ghati akaangua kilio, maana ilimuuma kuliko siku ile ya mgomba.

"Asijibu mtu tena," Mama Eufrasia alisema. "Mtu yeyote."

Jioni Ghati alimkosa mama mkwe jikoni. Alimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye kaburi la mgomba, jiwe mkononi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Mama, si ulisema tusijibu?"

"Nilisema." Hakugeuka. "Lakini kama ni yeye, mwanangu? Kama ni yeye kweli?"

Akagonga saruji ya kaburi mara tatu.

Chini, mahali ambapo hakuzikwa mtu, kitu kikajibu: ngo, ngo, ngo.

Kisha saruji ikapata ufa.