Alisema Nilimwelekezea Bastola ya 1938

"Ma'am, una dakika ishirini. Chukua nguo na dawa zako, utoke."

Nitoke?!

Nitoke kwa nyumba yangu mwenyewe, hapa Pearland, Texas, niliyoinunua kwa overtime ya ICU kabla hata sijamjua huyo mwanaume?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe 26 Aprili. Nimetoka shift hospitalini, bado niko na scrubs. Konstebo amesimama sebuleni, na nyuma yake Dedan, mume wangu wa miaka sita, ameinamisha kichwa kama mfiwa.

"Dedan, hii ni nini?"

Akageukia dirisha.

"DEDAN!"

"Ma'am, usimwongeleshe. Amri ya mahakama inakataza."

Karatasi ilisema kwamba Jumanne tarehe 8 Aprili, saa kumi na moja jioni, mimi Kathure nilimwelekezea mume wangu bastola kichwani, jikoni, nikamwambia leo namaliza maisha yake. Na kwamba kulikuwa na shahidi.

Jina la shahidi... Wawira.

WAWIRA! Aliyenishikia maua siku ya arusi yangu! Rafiki aliye na namba ya kufungua geti langu!

Nikafungua sefu, konstebo akachukua bastola zangu zote tatu, akaandika, akazibeba. Nikatoka na begi moja. Nilibamiza mlango, na haikuwa kwa woga. Ilikuwa hasira.

Sasa najua mnaniuliza. Nesi, binti wa Meru, mtu wa kanisa... bastola za nini?

Niwaambie bila aibu. NAZIPENDA.

Mwaka ule wa Korona, wagonjwa walipokuwa wanakufa mikononi mwetu kila shift, mwenzangu wa kazi alinipeleka range, pale watu wanapolenga shabaha. Nilidhani nitachukia. Lakini ile bastola ndogo ya risasi za .22 hairushi mkono wala haipasui masikio. Inasema tu, tap. Tap. Tap. Unashika pumzi, unaangalia kile kichuma cha mbele, na kwa hiyo sekunde hakuna monitor inalia, hakuna mtu anakuita. Ni wewe na tundu dogo kwenye karatasi.

Na mimi nataka zile za zamani tu. Ile .22 yangu aina ya Woodsman ni ya 1938. Niliipata kwa mjane mmoja kule Cedar Hill aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu. Mpini wake wa mbao umelainishwa na mikono ya watu ambao wengi wao wako kaburini. Jumapili baada ya ibada naifungua, naipaka mafuta, kila chuma kinarudi mahali pake... kik! Raha yake siwezi kuwaeleza.

Dedan alikuwa anacheka, "Mke wangu cowboy." Wawira nilimpeleka range mara mbili, akapiga nduru kama mtoto.

Kumbe walikuwa wananisoma.

Kesho yake Jumapili, kabla ibada haijaisha, nilikuwa nimetolewa kwa group ya WhatsApp ya akina mama wa kanisa. Mmoja akanitumia voice note kwa makosa:

"Tulijua tu. Mwanamke na bunduki? Hiyo ni roho nyingine."

Hakuna hata mmoja aliyenipigia kuuliza. HATA MMOJA!

Nikiwa motelini nikaisoma ile karatasi tena, safari hii polepole. "Bastola ya zamani, mpini wa mbao ya kahawia, Woodsman." Tarehe nane Aprili.

Nikaruka kitandani. Nikampigia Tharcisse.

Tharcisse ni Mkongo, fundi wa bunduki mwenye leseni, anaishi Haltom City. Sheria inamtaka aandike kila bunduki inayoingia na kutoka kwake.

"Tharcisse, ile Woodsman yangu iliyoharibika springi, nilikuletea lini?"

"Ngoja mama, nifungue kitabu... Njo hii. Tarehe makumi mbili na kenda, mwezi wa tatu. Ukaibeba tarehe kumi na mbili, mwezi wa ine."

"Na tarehe nane Aprili, katikati hapo, ilikuwa wapi?"

"Nane? Ilikuwa hapa kwangu ku meza, vipande-vipande! Ata mtutu ilikuwa mbali."

Dedan hakujua kwamba iko kwa fundi. Namba za sefu sikuwahi kumpa, na Haltom City nilienda peke yangu.

"Utakuja kuyasema hayo mahakamani?"

Nikamsikia akifunga kitabu.

"Mama, mimi naogopa tribunal. Kwetu mutu anasimama mbele ya juge, harudie nyumba." Nikasikia anavuta pumzi. "Lakini uongo ni uongo. Nitakuya."

Siku ya kesi, Dedan alikuja na leso. Alilia, jamani! Wakili wangu akamuuliza:

"Una uhakika ilikuwa hiyo bastola ya zamani?"

"Nitaisahau vipi? Niliona tundu lake mbele ya jicho langu."

Wawira naye akaapa. "Nilikuwa mlangoni. Niliona kwa macho yangu."

Ndipo Tharcisse akasimama. Suti imemzidi, kitabu kiko kwapani. Alikuwa ame-drive zaidi ya saa nne. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Jaji akausoma ule mstari wa tarehe kitabuni, akausoma tena, kisha akamgeukia Wawira.

"Bado unasema uliiona?"

Wawira akafungua mdomo. Akamtazama Dedan. Halafu akapasuka:

"Dedan aliniambia niseme hivyo! Alisema mkewe akitoka, atanioa!"

Amri ikafutwa palepale. Jaji akaagiza kiapo chao kipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Dedan akachomoka mahakamani bila kumwangalia mtu.

Nikadhani imeisha.

Nikaenda nyumbani. Nikafungua mlango... harufu ya chapati.

Jikoni kwangu, kwa aproni yangu, mwanamke nisiyemjua. Akatabasamu.

"Karibu! Wewe ndiye yule mpangaji? Umekuja kuchukua vitu vyako?"

"Mpangaji?!"

"Dedan aliniambia kuna nesi anahama. Pole, sikujua unakuja leo."

"Na wewe ni nani?"

"Loice. Mke wake. Nimefika Jumatano na visa ya masomo."

"Mke wake tangu lini?"

Akanionyesha simu. Picha ya arusi, Nakuru, 2011. Cheti kikiwa na muhuri. Dedan yuleyule, akiwa mwembamba kidogo.

Mimi alinioa 2019.

Wasomaji wangu, nilikaa chini kwa sakafu. Miaka sita najiita Mrs. Miaka sita! Kumbe mpango wa kando nilikuwa MIMI!

Nikampigia Wawira.

"Kuja kwangu. Sasa hivi."

"Unataka kunifanya nini?"

"Kuja umwone mke wa mwanaume wako."

Dedan alipoingia na mfuko wa unga, alitukuta watatu mezani. Loice ndiye aliyeanza, kwa upole wa kutisha:

"Dedan, mpangaji wako ana picha za arusi yenu. Hebu nieleze."

Hakueleza. Aliangusha unga, akarudi kinyumenyume hadi kwa gari. Loice akamfuata na kifimbo cha chapati hadi barabarani, majirani wakitoka nje kutazama.

Loice sasa anakaa kwa binamu yake Dallas. Hana kosa, alidanganywa kama mimi. Kesi ya kiapo cha uongo inaendelea. Woodsman imerudi kwangu, na Jumamosi nilipiga karatasi hadi mkono ukachoka.

Funzo ni hili. Mtu wa karibu akitaka kukumaliza, atachukua kile unachokipenda na watu hawakielewi, akigeuze ushahidi. Usikiache kwa sababu ya maneno yao. Ila weka rekodi zako, na ukiletewa karatasi, hata kama umekasirika vipi, soma mpaka tarehe.

Mchungaji anasema nisamehe. Nitasamehe siku Dedan atakaposimama mbele ya jaji yuleyule na kusema ukweli kwa mdomo wake. Kabla ya hapo, msiniletee aya.