Makala Ambayo Tabita Hakuimaliza

Kila Jumapili asubuhi Tabita alimshika mkono bibi yake, Bibi Rozi, wakateremka pamoja kwenda kanisani. Njia za kata ya Ruanda, huko Mbozi, zina mawe na mifereji, na Bibi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. "Mfereji, Bibi," Tabita alisema, na Bibi akanyanyua mguu. "Jiwe hapa," na Bibi akapita pembeni. Fimbo yake aliibeba tu kwapani, maana mjukuu alimtosha.

Ibada ilipokaribia kwisha ulifika wakati wa matangazo. Baada ya habari za harusi na za wagonjwa, klabu ya usomaji ya shule ilipewa nafasi. Utaratibu huo aliuanzisha Mwalimu Yonasi, kwa kuwa wakulima wengi hawakuwa na simu za kuingia mtandaoni. Kila wiki mwanafunzi mmoja alisoma jarida la mtandaoni liitwalo Jembe na Kalamu kwenye kishikwambi cha mwalimu, akachagua makala iliyompendeza, kisha akaipendekeza kwa waumini na kuwaeleza yaliyomo. Sharti lilikuwa moja tu, usipendekeze makala ambayo hukuisoma mpaka mwisho.

Tabita alikuwa na sauti nzuri, tena hakuwa na haya. Wazee walipenda kumsikiliza, na akina mama walimwambia Bibi kwamba mjukuu wake atakuwa mtu mkubwa. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tabita alianza kuona kwamba kusoma ni kazi, na kusifiwa ni rahisi zaidi.

Ijumaa moja ya msimu wa kahawa zamu yake ilifika. Alifungua makala yenye kichwa "Funika Kahawa, Linda Ubora". Aya ya kwanza ilieleza kwamba jua kali la mchana hupasua ganda la kahawa, hivyo ni vyema kuifunika. Chini yake zilikuwapo aya nyingine nyingi. Tabita akajiambia kwamba ameshaelewa, akaiacha makala na kuhamia kwenye video za vichekesho. Mwalimu Yonasi alipokuja kuchukua kishikwambi chake, alimuuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza, Mwalimu," alijibu, wala sauti haikutetemeka.

Jumapili akasimama mbele, akaisifu makala ile kuliko zote alizowahi kuzisoma. Akawaambia watu wafunike kahawa kwa nailoni, mchana na usiku. Jirani yao, Mama Ombeni, mjane aliyelima peke yake, alinyoosha mkono akauliza kama hata kahawa iliyotoka kuoshwa nayo hufunikwa. Tabita alisita. Angeweza kusema hajui, lakini macho ya kanisa zima yalikuwa juu yake.

"Hata hiyo, mama," alisema.

Watu wa pale hawabishani na neno la matangazo. Linalosemwa pale mbele huchukuliwa kuwa la kweli. Bibi Rozi alirudi nyumbani akiwa na furaha, akamwomba Tabita amsaidie kutandaza nailoni juu ya vichanja vyote vya kuanikia. Kahawa yake yote ya mwaka ilikuwa imeoshwa jana yake, bado mbichi tepetepe. Kahawa ile ndiyo ingempeleka Mbeya kupasuliwa macho. Mara ya mwisho Bibi kuuona vizuri uso wa Tabita, mtoto alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Tabita alizivuta ncha za nailoni na kuzifunga, na moyoni alijua kwamba hajui anachokifanya.

Baridi ilikuwa kali wiki ile na ukungu haukutoka mapema. Siku ya Alhamisi Bibi alisimama karibu na vichanja akanusa. "Tabita, kahawa inanuka," alisema. Akaingiza mkono chini ya nailoni, akautoa unateleza. Tabita alipofunua, alikuta kuvu nyeupe na kijani imetanda kila kichanja, kama mkate uliosahaulika kabatini.

Alikimbia hadi kwa Mwalimu Yonasi, akaomba aifungue tena ile makala. Safari hii aliisoma yote. Aya ya tatu ilionya kwamba kahawa iliyotoka kuoshwa isifunikwe kamwe, iachwe wazi na kugeuzwageuzwa hadi maji ya juu yakauke, la sivyo itaoza. Maneno hayo yalikuwa palepale tangu Ijumaa ile. Tabita alitamani ardhi immeze.

"Uliniambia umemaliza," Mwalimu alisema. Hakumchapa. Alimuuliza tu ni nani mwingine aliyefunika kahawa yake.

Tabita akamkumbuka Mama Ombeni. Alikwenda akilia njia nzima, akamkuta jikoni, akamwambia wazi kwamba alidanganya na makala hakuisoma. Mama Ombeni alitoka mbio, akaichana nailoni kwa mikono yake. Kahawa yake aliiosha jana tu, ilikuwa imeanza kupata joto lakini haijaharibika. Jioni ile Tabita alipita nyumba zote zilizofunika, akirudia maneno yaleyale ya aibu kila mlangoni, na kahawa ya watu, iliyokuwa imeshakauka juu kabla ya kufunikwa au iliyofunikwa karibuni, ikapona.

Ya Bibi haikupona. Kwenye chama cha msingi cha wakulima mpokeaji aliinua kiganja kimoja cha kahawa puani, akairudisha guniani kwa upole na kusema hawezi kuipokea. Safari ya Mbeya ikafa, na msimu mwingine ulikuwa mbali. Nyumbani Bibi alikaa kitandani akiuelekezea ukuta macho yake. Hakugomba wala hakulia. Tabita angependa mara mia achapwe kuliko kuuona ukimya ule.

Jumapili iliyofuata Tabita aliomba nafasi wakati wa matangazo, akakiri mbele ya wote. Hakuna aliyempigia makofi. Walipotoka nje alidhani Bibi atamkataa, lakini mkono wa Bibi ulimtafuta mpaka ukampata.

"Umesema kweli leo, na majirani wamepona. Hilo nimeliona hata mimi nisiyeona," Bibi alisema. "Ila nikuambie, mjukuu wangu. Ukimpendekezea mtu jambo, umemshika mkono, naye anakuja na wewe kama mimi hapa. Usimpeleke mtu njia ambayo wewe mwenyewe hujaimaliza."

Tabita aliitikia kwa kichwa, akakumbuka kwamba Bibi haoni, akasema, "Nimesikia, Bibi." Wakaanza kupanda kilima taratibu.

"Mfereji, Bibi," alisema walipoufikia.

Bibi alisimama. Akaitoa fimbo kwapani, akaupima kwanza mfereji kwa ncha yake, kisha ndipo akanyanyua mguu.