Sauti ya Nawar Kwenye Sinki

Barafu haikulia. Aflah alimimina bakuli zima kwenye tundu la sinki, akaongeza chumvi ya mawe na maganda ya ndimu tatu, akafungua maji ya baridi, akawasha swichi. Mashine ya kusagia mabaki ilizunguka ndani ya kabati kama kila Ijumaa, lakini ule mlio wa barafu kupasuka, uliomfanya binti yake Fajr azibe masikio na kucheka, haukutoka. Barafu ilishuka kimya, kana kwamba imepokewa kwa mikono.

Alizima, akachomoa waya wa umeme, akainua mpira wa mdomoni na kumulika kwa simu. Ndani palikuwa safi. Palinuka nywele zilizoungua.

"Baba Fajr," alisema Conjesta nyuma yake, "Jumatano ulimwaga nini humu?"

Conjesta alikuwa mtu wa Bukoba, mwaka wa nne sasa akifanya kazi katika nyumba ile ya Hail, huko Uarabuni. Kutunza mashine alifundishwa na Nawar, mke wa Aflah, aliyefariki miezi mitano nyuma: barafu, chumvi, ndimu, maji ya baridi, na kabla ya yote kuinama na kusema, "Bismillahi, tupisheni wenyewe."

"Birika la maji yanayochemka. Mafuta yalikuwa yameganda."

"Ukasema?"

"Niseme na nani, Conjesta? Na bomba?"

"Mimi Mkatoliki, baba, na bismillahi naipiga. Mama alisema humo wamo wenye watoto."

Aflah alitabasamu kidogo. Alikuwa mkemia wa maji. Kazi yake ni kupima. Bibi zake wote waliotoka Unguja hawakumwaga maji ya moto bila kutoa taarifa, na yeye aliwaheshimu bila kuwaiga.

Alasiri hiyo Conjesta alikwenda kanisani Ruwi, ambako misa husaliwa Ijumaa, siku ya mapumziko, Fajr akalala. Aflah akasikia mashine ikinguruma. Waya alioutoa ulikuwa bado sakafuni. Akainama juu ya sinki, na kutoka tunduni ikampanda usoni pumzi ya joto.

"Aflah, chai yako inapoa."

Ilikuwa sauti ya Nawar, pamoja na ule mkwaruzo wake wa mtu aliyeamka sasa hivi.

Hapo ndipo alipopaswa kumwita mtu. Hakuita. Alivuta kiti, akakaa, akasema polepole, "Iseme tena."

Jumamosi alikaa hapo. Jumapili alitoka maabara saa nane, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa tena. Sauti haikusema mengi: chai, funguo, shati la bluu. Harufu ya kuungua ilizidi, naye akaizoea. Hakugundua kwamba sauti ile haikumaliza siku hata moja bila kuuliza mtoto yuko wapi.

Jumatatu, Aflah aliporudi nyumbani kula chakula cha mchana, Fajr alisema, "Baba, mama anasema mkono wangu umekua. Anataka aupime."

Kijiko kilimwanguka Conjesta. Hakumwomba Aflah ruhusa; alimpigia simu Khaloo Sayyida, mama mdogo wa marehemu, mwanamke aliyekuwa akisomea watu Kurani, na kabla ya alasiri kwisha bibi huyo alikuwa amekaa sebuleni na viatu vyake miguuni.

"Nna habari yote," alisema kwa sauti ya chini. "Sema wewe, mwanangu. Ulimwaga bila kupiga bismillahi?"

"Bomba jipya, Khaloo. La plastiki."

"Na shahada zako mbili ulizitundika juu yake wazione?" Akanusa. "Umemuunguzia mwenyewe wa humo mwanawe. Sasa na yeye ataka wako. Siku ngapi umekaa kuisikiliza sauti ile?"

Aflah alianza kuinuka.

"Usinifiche. Haiwezi kukaa ndani ya nyumba mpaka apatikane mwenye kuitaka."

"Tatu," alisema. "Nilijua si yeye, Khaloo. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Jikoni Conjesta alipiga yowe.

Fajr alikuwa amesimama juu ya kiti, shavu limelala kwenye chuma cha sinki, mkono umezama tunduni hadi kwenye kiwiko, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto anayevishwa nguo. Aflah alimshika kiunoni akavuta, mkono haukuja, akavuta tena, akahisi upande wa pili nao unavuta, bila pupa, kwa nguvu ileile aliyotumia yeye, na ndani ya kabati, ambamo hapakuwa na umeme, mashine ikaanza kuzunguka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, na harufu ya kuungua ikajaa jikoni mpaka macho yakawatoka machozi, na Khaloo Sayyida, aliyekuwa akisoma Ayatul Kursiy mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto, alikatika pumzi, akairudia aya, akakatika tena, na katikati ya kisomo na mngurumo ile sauti ikasema kwa upole, "Niachie huyu, Aflah, na mimi nitakaa nawe kila siku."

"Mwombe radhi!" Khaloo alinong'ona. "Kisha mpe kitu. Haondoki mkono mtupu. Kiwe kitu kinachokuuma."

Aflah aliinamisha mdomo hadi kwenye tundu.

"Nimekosa," alisema. "Nimemuumiza mwanao, nami sikutoa taarifa. Mwanangu simtoi." Akamkaza mtoto kiunoni. "Chukua hiyo sauti. Iwe yako. Tuache mimi na mtoto, uende."

Mashine ilisimama. Mkono wa Fajr ukatoka mzima, umelowa, una alama nne nyekundu juu ya kifundo. Mtoto akalia kama mtoto, Aflah akamnyanyua kutoka kwenye kiti.

Kesho yake fundi aliing'oa mashine akaweka bomba la kawaida. Harufu ikaisha. Jioni Aflah alifungua simu kutafuta jumbe za sauti za Nawar; zilikuwapo kumi na saba. Mstari ulitembea mpaka mwisho, hakikusikika kitu. Akajaribu kuikumbuka. Maneno yalikuja yote. Yalikuja yakisomwa na yeye mwenyewe.

Wiki mbili zikapita kwa amani. Jumanne moja, muda wa alasiri, Aflah alikuwa amekaa mezani na Fajr akipaka rangi, Conjesta akikunja nguo, mwanamke akaita kutoka kwenye shimo la maji la bafuni. Aliita jina la Aflah, mara mbili, bila haraka.

Conjesta aliziba mdomo kwa shuka. Machozi yakamtiririka.

"Baba," alinong'ona, "humsikii?"

Alimsikia vizuri. Alisikiliza kama alivyosikiliza kila kitu maishani, kwa makini, akitafuta alama moja ya kushika. Kwake ilikuwa sauti ya mwanamke yeyote.

Fajr aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake.

"Nani huyo, baba?"

Aflah alifungua mdomo. Kisha akamgeukia Conjesta, ili naye aambiwe ni sauti ya nani.