Mke Mwenza wa Kwenye Buti

Kiti cha abiria kilikuwa cha moto. Mshonaji alikaa, akainuka kama aliyekalia pasi. Gari lilishinda kivulini, vioo vimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa mumewe, lakini kiti kilikuwa na lile joto la mtu aliyeondoka sasa hivi. Tena kilinukia yasmini.

"Mdundo, nani alikaa hapa?"

"Wewe."

"Mimi nimekaa sasa hivi!"

"Basi si umejijibu?"

Mwanamume akikujibu hivyo, mwanamke mwenye akili hagombani. Anachunguza.

Mumewe alikuwa fundi wa muziki wa magari, na jina la Mdundo alipewa na majirani ambao vioo vyao vilikuwa vikitetemeka. Gari lake ndilo lilikuwa tangazo lake. Mteja akija, anafunguliwa buti, anaonyeshwa amplifaya na spika za besi pana kama mabeseni, anapigiwa mpaka meno yanacheza. Kasoro ilikuwa moja tu: besi ikigonga, taa za mbele zinafifia kama macho ya mtu anayesinzia. Dawa yake ni kapasita. Hilo ni kopo linalokaa kati ya betri na amplifaya, na kazi yake ni ile ya pipa la maji jikoni: bomba likizidiwa, unachota pipani.

Kabla kiti hakijaanza kunukia, Mdundo aliipata kwenye gari bovu lililotupwa nyuma ya gereji, nyasi zimeota sakafuni, betri ilishang'olewa zamani hata panya hawaikumbuki. Akaipima kwa mita. Mshale ukaruka. Imejaa!

Sasa sikieni kosa. Kapasita hukaa na umeme wake hata ukikata waya zote, na ya kuokota humwagwa kwanza. Unaiunganisha na kitaa kidogo, kinawaka, kinafifia, kinazima. Hapo iko tupu, unaifunga. Mdundo hakumwaga. Alipenda mno.

"Yaani umetunza moto wako mpaka nije mimi?" aliiambia, akiipapasa. "Huo ndio uaminifu."

Akaifunga pamoja na vyote vilivyokuwa ndani yake: chanya kwa chanya, hasi kwenye bodi ya gari, skrubu zimekazwa. Na maneno matamu kama yale mkewe hakuyasikia hata siku ya posa.

Taa zikaacha kusinzia. Mdundo naye akahamia garini. Anakula mle, anacheka mle. Mshonaji akiwa barazani na cherehani yake, anasikia muziki umezimwa, kisha mumewe ananong'ona, "Ndiyo, mpenzi. Nipo." Halafu kwenye buti besi inajibu, bila wimbo, polepole, kama mtu anayecheka amefumba mdomo.

Mshonaji alitafuta hereni, akatafuta unywele chini ya mazulia. Wapi! Mwishowe akavaa gauni lake zuri kuliko yote, akaingia garini mchana kweupe.

"Niwashie na mimi nisikie."

"Leo hapana, mke wangu."

"Washa!"

Akawasha. Vioo vikapanda vyenyewe, yasmini ikajaa mpaka kooni, na besi ikaanza kumkandamiza kifua, polepole, tena polepole zaidi, mpaka mshonaji akahisi moyo wake unaacha mwendo wake wenyewe na kuufuata ule mwingine, unasubiri ruhusa kabla ya kupiga, na spika zote, za mbele na za nyuma, zikamwambia kwa sauti ya kike, bila haraka, kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni asiye na haya: "Toka kwenye kiti changu."

Alimgeukia mumewe. Mdundo hakushangaa. Alikuwa ameinamia usukani kwa aibu, kama mwanamume ambaye wanawake wake wawili wamekutana sokoni.

Mshonaji alikimbilia kwa shangazi yake, mganga wa kupunga majini.

"Ni jini jike," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Tena huyo hakuvamia, mwanangu. Alikaribishwa."

"Namtoaje, shangazi?"

"Mumeo ndiye fundi. Amwage alichopaswa kumwaga."

Mdundo aliambiwa achague: kapasita au mke. Alizunguka gari, akashika kichwa, mwisho akang'oa fyuzi, akafungua waya, akaibeba barazani kama mtoto mgonjwa. Akaiunganisha na kitaa. Kikawaka.

Kitaa ambacho kingezima kabla hujamaliza kusalimiana kiliwaka mchana wote. Spika zisizo na umeme zilikuwa zikilia kule kwenye buti. Shangazi alisoma, akafukiza, jasho likimtiririka.

"Asiguse mtu mpaka kizime chenyewe," alionya. "Anatoka taratibu. Akikatizwa, atatafuta pa kuingia."

Wote wangesubiri, laiti Mdundo asingeanza kulia. Alikitazama kitaa kinavyofifia, machozi yakidondokea ovaroli.

"Unamlilia?" mshonaji alisema. "Mbele yangu?"

"Nisamehe. Anaumia."

"Na mimi je? Mimi ni wa plastiki?"

Alishamsikia mara nyingi akisema kwamba umeme wa betri ya gari haumpigi mtu. Akaona amalize yeye. Akaruka, akashika vichwa viwili vya kapasita kwa mikono mitupu.

Kitaa kikazima.

Hakuumia. Kitu cha vuguvugu kilimpanda mikononi, kikatulia kifuani, akajikuta ameketi. Shangazi alimtazama usoni, akakusanya vyetezo vyake kwa haraka.

"Nilikwambia nini, mwanangu? Nilikwambia nini?" alinong'ona, akatoka kinyumenyume.

Mdundo akaipima kapasita. Tupu kabisa. Akafuta machozi, akainua macho kwa mkewe, na safari hii akamtazama hasa, kama mtu anayesoma jina lake mlangoni. Akaja, akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani mwake.

Mshonaji alitaka kumwambia, "Hatimaye umeniona." Mdomo wake haukumngoja. Ulishacheka, cheko zito la chini kabisa, na Mdundo akatabasamu kwa raha, macho ameyafumba.

Mshonaji alikuwa mbali, nyuma ya macho yake mwenyewe, anawachungulia. Aliuona mkono wake ukimpapasa mumewe shingoni, taratibu, kwa mahaba, akatamani kuuvunja.