Jini Ambaye Hakuagwa

Katika chumba cha kuhariri filamu pale chuoni hairuhusiwi kuingiza hata kikombe cha chai, sembuse chetezo, lakini mchana ule kilinukia udi. Mwahija alivua hedifoni akawatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa ameinamia kompyuta yake. Alimuuliza Dominick, aliyekaa kando yake, kama naye anasikia harufu, akajibiwa kwamba harufu pekee iliyopo humo ni ya samaki waliowala mchana. Mwahija akacheka, akavaa tena hedifoni, akaendelea na kazi.

Alikuwa anamalizia masomo ya utayarishaji wa televisheni na filamu katika chuo kidogo mjini Lindi. Alipomaliza shule, ndugu wote walitaka aolewe, ila mama yake, Bi Kibibi, alikataa katakata. Filamu inasomewa vipi Bi Kibibi hakujua, lakini kila aliyemcheka alimwambia kwamba mwanawe anasomea kuwaonyesha watu wasichokiona.

Filamu ya kuhitimu ilitakiwa ihusu jambo la kwao mwanafunzi, na Mwahija alikwenda kijijini kwao Kikole kumpiga picha mama yake akipungwa. Bi Kibibi alikuwa kiti cha jini mmoja mkongwe. Kila baada ya mavuno ya korosho alipigiwa ngoma, jini akampanda, akanywa marashi yake, akasema yake, kisha akaagwa kwa heshima akaenda zake. Mama aliikubali kamera kwa sharti moja tu, kwamba filamu isikatwe kabla jini hajaagwa.

"Mgeni ukimwita, umuage, mwanangu," alisema. "Ukimwacha mlangoni, ataingia akae."

Kuaga huko ni kazi ya mtoto wa kiti. Huingia uwanjani, akamshika mama yake kidole kidogo, akamwita mbele ya watu wote mpaka mama aitikie mwenyewe. Mwahija aliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaenda kumwita mama, na kamera ikayachukua yote.

Aibu ilimpata darasani. Wenzake walipoonyeshwa vipande vya mwanzo, mwanamke anatambaa, analamba marashi kwenye sahani, anakoroma kwa sauti ya dume, walicheka mpaka wakashika mbavu. Dominick akauliza bibi huyo ni nani.

"Ni mwanamke mmoja tu wa kule kijijini," Mwahija akajibu.

Mama aliyemlea kwa jembe, aliyegombana na ukoo mzima kwa ajili yake, leo ni mwanamke mmoja tu wa kule kijijini. Wapo watoto wa namna hiyo, na wengi wao wamesoma. Njia ya mwongo ni fupi, naye alijitahidi kuirefusha: alikikata kipande cha kuaga, na ili asije mtu akamwona ameshika kidole akiita "Mama", akakifuta kabisa kwenye memori kadi. Mwalimu Eusebio alimsifu kwamba filamu imeishia pale pale moto ulipowaka.

Tangu hapo ndipo udi ulipoanza. Halafu ikaja pumzi, pumzi nzito ndani ya hedifoni, ambayo haikukoma hata aliposimamisha picha. Halafu mama mdogo Zakia akapiga simu kutoka Kikole, anazungumza kwa kunong'ona kama mtu anayejificha ndani ya nyumba yake, akasema Bi Kibibi amepandwa kisimani, bila ngoma, bila chetezo, na juzi alipandwa shambani, na kila anapopandwa huuliza kwa nini anaitwa haagwi. Mwahija alikumbuka saa alizokuwa akiichezesha filamu ile, akalinganisha na saa alizoambiwa, akaona zinaoana: kila alipobonyeza kuangalia kama sauti imekaa sawa au rangi imekolea, kule Kikole mama yake aliangusha ndoo au jembe na kuanza kutambaa kwenye vumbi, mchana kweupe, watoto wa watu wakimzunguka.

"Mzee Pazi anasemaje?" aliuliza. Pazi ndiye mganga aliyemsimamia mama miaka yote.

"Anasema uje umwite mama'ko mbele ya wale waliomwona," Zakia akanong'ona. "Upesi. Jini akizoea kukaa, mwenye nyumba ndiye anayetoka."

Mbele ya wale waliomwona, maana yake mbele ya darasa. Mwahija alisikia uso ukimwaka. Akasema subirini maonyesho yapite, akishapata cheti atakuja. Zakia akasema basi watakuja wao.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifungwa mapazia meusi, jua la saa nane likabaki nje. Mwahija aliwaona mama yake na Zakia wakiingia kwa mlango wa nyuma, mama amevaa kanga yake mpya, anatabasamu, anatafuta kwa macho mtoto wake yuko wapi. Mwahija akajiinamia.

Filamu ikaanza. Udi ukatanda ukumbini, na safari hii kila mtu aliusikia, wengine wakasifu kwamba maandalizi ni ya kitaalamu, na ngoma ikapanda, na mwanamke kwenye skrini akatambaa, na filamu ikakatika pale ilipokatwa, na makofi yakapigwa, lakini ngoma haikunyamaza ijapokuwa spika zilishazimwa, na kutoka viti vya nyuma kikatoka kitu kinatambaa katikati ya watu, kanga mpya inaburuzwa sakafuni, kikaja mpaka mbele kikakaa chini ya skrini.

"Mmeniita," kilisema kwa sauti ile nzito. "Niageni. Mtoto wa kiti yuko wapi?"

Watu wakacheka kwa woga, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Zakia alilia huku akimwonyesha Mwahija kwa kidole. Dominick akageuka.

"Ni mama yako?" akauliza taratibu.

"Hapana," Mwahija alisema. "Simjui."

Ngoma ikakoma. Kile kilichokaa chini kiliinua uso, kikamtazama kwa utulivu mkubwa, kama mtu aliyengoja jibu na sasa amelipata. Hapo ndipo aibu ilipobadilika ikawa kitu kibaya zaidi, na Mwahija akawaruka watu, akapiga magoti, akakishika kile kidole kidogo, baridi, akaita "Mama" mbele ya darasa lote, mbele ya mwalimu, akaita huku anaomba radhi, akaita mpaka sauti ikamkauka.

Bi Kibibi alikaa vizuri. Alijifunga kanga, akamfuta mwanawe machozi kwa upole, akafungua kinywa.

"Naam, mwanangu," akaitikia, na sauti ilikuwa ya kiume.

Walirudi Kikole pamoja. Bi Kibibi anapika, analima, anasalimia watu wakubwa kwa wadogo, na wasiomjua zamani hudhani amekauka koo. Mwahija yupo naye, cheti kimo sandukuni. Kila asubuhi anamshika kidole akamwita, na kila asubuhi anaitikiwa.